Shuka la Arobaini na Moja

Jumatatu, tarehe 9 Machi 1987, mashuka arobaini na moja ya wodi ya karantini yaliingia katika jengo la kufulia la hospitali, na arobaini yakatoka. Hilo halina ubishi. Limeandikwa kwa wino wa bluu katika daftari la zamu, na mbele ya lile moja lililopungua pana neno la mkono wa Msimamizi: limechakaa.

Shuka lenyewe lilikuwa halijamaliza hata miezi mitano. Kitambaa chake kilikuwa kizima, kizito, chenye harufu ya dawa na mvuke, na hakikuwa na tundu wala kiraka. Aliyeondoka nalo jioni ile, akiwa amelikunja ndani ya mfuko wake wa chakula, alilijua hilo kuliko mtu yeyote, maana kazi yake ilikuwa kuyakagua mashuka na kuyashona.

Pale kazini walimwita Mama Pindo. Hakuwa mfuaji. Kwa miaka kumi na tisa alikaa mbele ya cherehani iliyowekwa chini ya dirisha la mwisho, mgongo wake ukielekea mapipa yanayochemka, akitia viraka na kurudia pindo zilizofumuka. Ni yeye pia aliyetia uzi wa rangi kwenye ncha ya kila shuka ili wanaoyapanga kabatini wasikosee: kijani kwa wodi ya watoto, bluu kwa wazazi, nyekundu kwa chumba cha upasuaji. Wodi ya karantini ilifunguliwa Januari, homa ilipoingia mjini, na kwa haraka ile mashuka yake hayakupewa rangi yoyote. Yalikuja kwenye mifuko ya manjano, yakachemshwa peke yake saa nzima, yakakaushwa peke yake.

Wenzake walikuwa na namna yao ya kukunja. Mashuka ya hospitali ni mapana, mtu mmoja hayawezi bila kuyaburuza sakafuni, kwa hiyo wanawake walisimama wawili wawili, kila mmoja ameshika ncha mbili, wakalikung'uta shuka, kisha wakasogeleana mpaka mikono ikakutana. Mmoja alisema, "Atakayelala hapa." Mwenziwe akajibu, "Bwana amwone, asilale peke yake." Wakarudi nyuma, wakasogeleana tena, shuka likawa kipande cha mraba, likawekwa juu ya mengine. Nani alianzisha jambo hilo hakuna aliyekumbuka. Kulikuwa na wa madhehebu manne mle ndani na hawakuwahi kukubaliana juu ya ubatizo, ila kwa shuka walikubaliana.

Mama Pindo hakukunja nao. Alikuwa na njia yake ya kutumia meza na kidevu, akakunja peke yake, upesi, pindo juu ya pindo bila kupishana hata kwa upana wa ukucha.

"Mkiombea kila shuka," alikuwa akiwaambia, "Yesu atarudi hamjamaliza."

"Basi atatukuta kazini," alijibu Mama Haleluya, mfuaji mnene mwenye sauti ya kuvuka barabara, aliyepewa jina hilo kwa sababu alilisema hata maji ya moto yakimrukia. "Wewe atakukuta umelibana shuka kwa kidevu. Utamsalimu vipi?"

Mama Pindo hakuwa mpagani. Jumapili alikwenda kanisani na mumewe, wakakaa benchi la tatu kutoka mwisho, akatoa sadaka, akaimba. Lakini sala aliiona kama nguo nzuri, ya kuvaliwa mahali pake.

Mumewe alikuwa fundi saa. Mama Pindo mwenyewe alimwita Fundi hata chumbani, na mwanamume huyo hakuwa na maneno mengi. Kibanda chake kilikuwa ubavuni mwa duka la dawa: meza moja, taa moja, kioo cha kubana jichoni na vibano vilivyopangwa kwa urefu. Hawakujaliwa mtoto. Walimlea mpwa wa Fundi, mtoto wa dada yake, hadi alipoolewa mbali. Baada ya hapo nyumba ilibaki na watu wawili na saa zisizopungua thelathini, zote zikisema wakati tofauti, na Fundi katikati yao akisema hana haraka.

Alikuwa na desturi moja aliyoirithi kwa aliyemfundisha kazi. Saa ikiletwa, aliifungua kifuniko cha nyuma na kukwaruza ndani yake, kwa ncha ya sindano, mstari mmoja mfupi wa wima wenye nukta mbili ubavuni. Huo ulikuwa ushahidi kwamba saa imepita mikononi mwake. Siku ya kuirudisha kwa mwenyewe alikwaruza mstari wa pili kuukata ule wa kwanza, ndipo akafunga kifuniko. Hakusema saa imetengenezwa. Alisema, "Hii imepona."

Februari ile, kanisa likiwa limefungwa kwa amri kama mikusanyiko mingine yote, Fundi alibaki na saa moja iliyopona ambayo mwenyewe hakuja kuichukua. Ilikuwa ya mwalimu mstaafu, na nyumbani kwa mwalimu huyo homa ilikuwa imeshaingia. Mama Pindo, aliyekuwa akiona mifuko ya manjano ikiongezeka kila asubuhi, alimsihi mumewe asiende.

"Saa haiozi," alimwambia. "Iache humo kwenye droo."

"Anaisubiri."

"Anasubiri kupona. Saa ya nini?"

Fundi alikwenda. Alikabidhi saa mlangoni, kwa maelezo yake mwenyewe hakukaa hata dakika tano. Siku ya nane akaamka anatetemeka. Jumanne, tarehe 10 ya mwezi huo, gari la hospitali lilipokuja kumchukua, mkewe alikuwa hajalala kwa siku mbili, na hofu iliyokuwa imemjaa ilitoka kwa sura ya hasira. Alisimama mlangoni amejishika kiuno.

"Ulikwenda unajua," alisema. "Umeipenda saa ya watu kuliko mimi. Haya, nenda, na usinirudie."

Fundi alimtazama kama anayetazama kitu kidogo sana kwa mbali. Akavaa viatu vyake, akafunga kamba kwa utaratibu, akapanda gari. Hayo ndiyo yakawa maneno ya mwisho kati ya watu walioishi pamoja miaka ishirini na sita, na tangu mlango wa gari ulipofungwa Mama Pindo hakutaka kitu kingine duniani ila kuyafuta.

Njia haikuwapo. Wodi ya karantini ilizungushiwa waya. Kila asubuhi saa moja muuguzi alisimama hatua kumi ndani ya waya huo, akasoma majina na hali, na watu hamsini wakasikiliza. Mtu aliruhusiwa kutuma salamu. Mama Pindo alituma: "Mwambie namsalimu." Lakini neno alilokuwa nalo halikuwa la kupazwa mbele ya umati, na kila alipojaribu kulipanga alirudi kwenye salamu ileile. Barua zilikatazwa tangu wiki ya kwanza ya mwezi. Alifanya kazi mita mia mbili kutoka kitanda cha mumewe, akashika kila siku mashuka yaliyotoka kwenye vitanda vya wodi ile, na hakuwa na namna ya kumfikia.

Jioni ya tatu alifungua droo ya Fundi kutafuta mwandiko wake, chochote kile. Fundi hakuwa mtu wa kuandika. Alichokuta ni saa kumi na moja ambazo wenyewe hawajazichukua, akazifungua moja moja kwa kisu kidogo, na ndani ya kila kifuniko akauona mstari na nukta mbili. Alikaa kitandani na kifuniko kimoja kiganjani kwa muda mrefu. Kulikuwa na jambo aliloweza kulisema kwa sindano.

Ijumaa asubuhi alianza. Kila shuka la karantini lililopita mezani kwake alilishonea kwenye ncha, ndani ya pindo, mstari mmoja wa wima na nukta mbili. Hakushona mstari wa pili. Alitaka mumewe, aliyezoea kuona unywele ukiwa umekwama kwenye gurudumu la saa, aone na aelewe: bado uko mikononi mwangu, sijakurudisha kwa mtu, kazi haijaisha. Na kwa kuwa aliwaza macho yaliyochoshwa na homa, alichagua uzi unaoonekana kuliko wote. Uzi mwekundu.

Kwa siku kumi moyo wake ulipata pa kushika. Mama Haleluya aliona mabadiliko hayo, akamsogelea mchana mmoja na shuka mkononi.

"Njoo tukunje, mwenzangu. Leo sina mtu."

"Nina meza."

"Meza haijibu." Akamtupia ncha mbili. Walilikung'uta, wakasogeleana. "Atakayelala hapa," alisema Mama Haleluya.

Mikono yao ilikuwa imekutana, na mwenzake hakuiachia.

"Siwezi," alisema Mama Pindo, taratibu. "Kila nikifungua mdomo nimwombee mume wangu, nasikia nilichomwambia. Mtu hawezi kumwambia mwenziwe asirudi, kisha amwombe Mungu amrudishe. Nitaanzia wapi?"

Mama Haleluya hakumwambia kwamba Mungu anasamehe. Labda alijua kwamba hilo lilikwisha kusikika. "Basi usimwombee wako," alisema. "Mwombee wa shuka hili. Humjui, hujamkosea, hana kesi na wewe."

"Na wangu?"

"Wako anaombewa."

"Na nani?"

"Na mimi, tangu Jumanne ile. Shida ni kwamba sijui atalalia lipi, ndiyo maana siruki hata moja. Mgongo wenyewe umekwisha, kwa ajili ya mume wako."

Mama Pindo alicheka, cheko fupi lililogeuka katikati na kuwa kitu kingine. Akafuta uso kwa bega, kwa kuwa mikono ilikuwa na shuka. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayepima kama daraja litambeba, "Bwana amwone. Asilale peke yake." Wakaenda hivyo mashuka kumi na tisa. Baadaye alimsimulia mpwa wake kwamba hakusikia joto wala mwanga wowote siku ile. Alichosikia ni kwamba alikuwa amesimama kwenye foleni ndefu ya watu wanaoombeana bila kujuana, na kwamba mahali fulani katika foleni hiyo alikuwamo Fundi.

Siku hiyohiyo alimweleza Mama Haleluya habari ya alama, mstari mmoja na mstari wa pili. Mwenzake alilipindua pindo, akaitazama.

"Nyekundu," alisema.

"Ionekane."

Wote wawili walikuwa watu wa kazi ile, na wote wawili hawakuona kosa.

Aliyeliona ni Msimamizi. Alikuwa mzee wa kanisa, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba, na hakuna aliyewahi kuona meno yake. Jumatatu ya tarehe 23 alisimama mbele ya cherehani na mashuka sita begani.

"Wodi ya karantini wanalalamika mashuka yanapungua siku hadi siku," alisema. "Chumba cha upasuaji wamejaziwa mpaka wanayaweka juu ya kabati. Nimejiuliza sana, Mama Pindo. Hebu niambie uzi mwekundu ni wa wapi."

"Wa upasuaji," alisema Mama Pindo, na hapo akaona. Yeye ndiye aliyeweka utaratibu wa rangi, miaka kumi na moja iliyopita, kwa mkono wake. Wanaopanga kabatini waliona nyekundu kwenye ncha, wakafanya walichofundishwa. Kwa siku kumi kila shuka aliloliwekea alama lilikuwa limepita kando ya wodi ya mumewe na kwenda kulala chini ya watu wa ngiri na mawe ya figo.

Nyuma yake Mama Haleluya alikuwa ameshika ukuta. "Nisamehe, Bwana," alisema akipigana na kicheko, "lakini amewalaza watu wa upasuaji juu ya barua yake ya mapenzi."

Msimamizi hakucheka. Aliuliza alama ile ni ya nini, akaambiwa yote, mpaka yale maneno ya mlangoni. Alisikiliza amesimama. Kisha akavua miwani, akaipangusa kwa aproni muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Mali ya hospitali haiwekwi alama za binafsi," alisema. "Uzi mwekundu nauchukua." Akautia mfukoni. Alipofika mlangoni aligeuka. "Uzi mweupe sijakuomba. Kwenye shuka jeupe mimi siwezi kuuona. Kama kuna mwenye macho ya kuuona, hilo silo langu."

Mama Pindo alianza upya mchana huo, nyeupe juu ya nyeupe, akishona kwa kupapasa zaidi ya kuona. Jumamosi iliyofuata muuguzi alisoma hali ya Fundi, akaongeza jambo lisilo kwenye karatasi: mgonjwa huyo alikuwa amekaa kitandani, akanywa maji, akauliza saa ngapi. Watu kwenye waya walicheka. Mama Pindo alirudi kazini karibu akikimbia.

Jumatano, tarehe 4 Machi, jina la Fundi lilisomwa mwisho, peke yake. Walimzika watu wa hospitali waliovaa makoti, na mkewe alisimama ng'ambo ya uzio, mbali kiasi kwamba asingeweza kusema jeneza lilikuwa la rangi gani. Mchungaji alisoma kupitia kipaza sauti kidogo, upepo ukachukua nusu. Alichokisikia Mama Pindo ni neno "tutaonana", na hakujua kama lilikuwa mwisho wa sentensi au mwanzo.

Alipewa siku tatu. Akarudi Jumatatu.

Cherehani ilikuwa imefunikwa. Aliipita, akaenda moja kwa moja kwenye meza ya kukunjia, palipokuwa na mashuka arobaini na moja ya karantini yaliyokauka, akachukua la juu, akamtupia Mama Haleluya ncha mbili.

"Atakayelala hapa," alisema Mama Pindo, kabla mwenzake hajawahi.

Mama Haleluya alizidaka ncha. "Bwana amwone. Asilale peke yake."

Walikunja kwa utaratibu, bila mzaha. Karibu na mwisho, mikono ilipokutana, kidole gumba cha Mama Pindo kilipita juu ya mshono wake mwenyewe, mstari na nukta mbili, kikakwama. Kulikuwa na kitu kilichozidi. Alilipeleka dirishani. Juu ya mstari wake wa wima ulipita mstari wa pili, wa kulala, mfupi, ulionyooka. Haukuwa uzi wa kushonea. Ulikuwa uzi uliochomolewa kwenye shuka lenyewe, pale pindo linapoishia, ukapitishwa chini ya mshono na kufungwa kifundo kidogo kama punje ya mchanga. Ulikuwa umefuliwa, na haukuachia.

Alama ilikuwa imefungwa kama Fundi alivyoifunga siku zote, siku ya kumrudishia mtu saa yake.

"Nini?" aliuliza Mama Haleluya.

Mama Pindo aliushika ule msalaba mdogo katikati ya vidole viwili, akasimama dirishani mpaka mvuke ukafunika kioo. Kwa mara ya kwanza tangu gari liondoke alilia kwa sauti, na wanawake wa mle ndani waliendelea kukunja, na yale maneno mawili yakaendelea kupokezana nyuma yake, wawili kwa wawili.

Saa ya kufunga alilibeba shuka mpaka meza ya Msimamizi, akalifunua ile ncha. Msimamizi alivaa miwani, akainama, akakaa hivyo.

"Ndilo lenyewe alilolalia?"

"Sijui."

"Hujui," alirudia Msimamizi. Akafungua daftari, akaandika neno moja, akakausha wino. "Shuka hili limechakaa. Yaliyochakaa hayarudi kabatini."

Mama Pindo alifanya kazi miaka mingine saba, na hakukunja tena kwa kidevu. Shuka hakulitandika. Alilihifadhi ndani ya droo, pamoja na zile saa kumi na moja, na baadhi ya jioni alilitoa, akapapasa ncha, akalirudisha. Aliyemuuliza kama anaamini Fundi ndiye aliyefunga uzi ule alijibiwa hivi: "Namtamani kila siku. Kuamini naamini tutaonana. Hilo la uzi nitamuuliza mwenyewe." Alifariki mwaka 2006. Shuka liko kwa mpwa, na mstari wa pili ungali mahali pake.

Wodi ile haikuandika nani alilalia shuka lipi, na shuka hilo huenda lilikwenda na kurudi mara nyingi kabla ya tarehe 9. Pale hospitalini maana ya alama ilijulikana na watu wanne: Fundi na mkewe, Mama Haleluya, na Msimamizi aliyeandika neno lisilo la kweli. Mama Haleluya alifariki mwaka 1999, Msimamizi miaka miwili kabla yake, na Mama Pindo hakuwahi kumuuliza hata mmoja wao. Mkono uliofunga uzi ule haujulikani. Wala haijulikani kama Fundi, kabla ya tarehe 4 Machi, aliwahi kulalia shuka lenye alama ya mkewe.